Maji, Chokaa na Maneno: Msamiati wa Waashi kama Chanzo cha Historia ya Nyumba za Mawe za Pwani

1.0 Utangulizi



Historia ya miji ya Waswahili imeandikwa kwa kutumia vyanzo vya aina nyingi: tarikhi za watawala, masimulizi ya wasafiri, barua za Wareno, vigae vya vyungu na magofu yenyewe. Mhadhara huu unakusudia kuongeza chanzo kimoja ambacho wanahistoria hukigusa kwa nadra, nacho ni msamiati wa waashi, yaani maneno ya wale waliochoma chokaa, wakapanga mawe na kupiga sakafu. Ili tusitawanyike, nitauliza swali moja tu: nyumba ya mawe ya pwani ilikaaje kavu?

Swali hili si dogo kama linavyoonekana. Ukanda huu una misimu miwili ya mvua, masika na vuli. Kisiwa cha Unguja hupata kwa kawaida zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na hewa yake imejaa unyevu hata siku za jua. Jiwe la matumbawe, ambalo ndilo mfupa wa nyumba hizi, lina vitundu vingi na hunywa maji. Boriti za mikoko huoza zikikaa katika unyevu. Kwa hiyo nyumba ya mawe iliyosimama kwa miaka 200 au 300 ni ushahidi kwamba wajenzi wake waliyafahamu maji vizuri.

Hoja ninayotaka kuijenga ni hii. Msamiati wa waashi wa pwani unaonyesha kwamba wao hawakujaribu kuyafungia maji nje kwa nguvu, waliyapa njia. Waliyatofautisha kwa mahali yanapotoka na kwa namna yanavyotembea, na kila aina wakaipa neno lake na dawa yake. Tofauti hizo zilipoanza kufifia katika lugha, zilififia pia katika matengenezo ya nyumba, na matokeo yake tunayaona kwenye kuta.

2.0 Nyumba Isiyokwenda Chini

Tuanze na neno ambalo halipo. Katika nchi nyingi za baridi ni jambo la kawaida nyumba kuwa na chumba kilichochimbwa chini ya usawa wa ardhi, na wenye nyumba hizo hutumia fedha na muda mwingi kuzuia maji yasipenye humo. Kiswahili cha jadi hakina neno moja la chumba cha namna hiyo. Tunayo maneno shimo, pango na kisima. Tunalo pia handaki, lililotokana na neno la Kiarabu khandaq lenye maana ya mtaro mrefu uliochimbwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotaja mahali pa kuishi watu. Leo, majengo ya mijini yanapochimbiwa maegesho ya magari, wengi husema besimenti, na wenye kujali usanifu husema chumba cha chini ya ardhi. Neno la kwanza ni la mkopo na la pili ni maelezo. Yote mawili yanaonyesha kwamba dhana yenyewe ilikuja kutoka nje.

Kutokuwapo kwa neno kuna sababu zake katika ardhi. Miji mingi ya zamani ya pwani imejengwa juu ya mwamba wa matumbawe au mchanga, karibu na bahari, mahali ambapo maji ya kisima hayako mbali. Kuchimba chumba hapo ni kuyaalika maji ndani. Vyumba vya chini vinavyojulikana ni vichache na vina historia yake maalumu. Chumba cha Mangapwani, kaskazini mwa mji wa Zanzibar, kilichongwa ndani ya mwamba wa matumbawe na kinahusishwa na biashara ya siri ya watumwa baada ya mkataba wa 1873. Hakikuwa makazi kwa maana ya kawaida. Kilikuwa mahali pa kuficha binadamu.

Badala ya kwenda chini, nyumba ya pwani ilikwenda juu. Neno ghorofa, au orofa, linatokana na neno la Kiarabu ghurfa ambalo lina maana ya chumba, hasa chumba cha juu. Katika Kiswahili limekuwa jina la tabaka zima la nyumba. Mwenye nyumba wa Lamu katika karne ya 18 aliishi juu, kwenye msana na ndani, penye upepo na ukavu. Chini palikuwa, kwa kawaida, mahali pa kuweka bidhaa na mahali pa kulala watumwa. Yafaa tulitaje jambo hili waziwazi, kwa kuwa ukavu haukugawanywa sawa. Unyevu wa nyumba ulikuwa na ngazi zake, na ngazi hizo zilifuata ngazi za jamii. Tunaposifu uzuri wa vidaka na nakshi za chumba cha ndani, tukumbuke nani alilala karibu na msingi.

3.0 Maji Yatokayo Juu

Adui wa kwanza wa nyumba ni mvua, na hapa msamiati una utajiri mkubwa. Nyumba ya udongo, yenye kiambaza kilichokandikwa, iliezekwa makuti na kulindwa na upenu. Ukingo wa paa ambapo maji hudondokea, pamoja na njia yanamopita, kamusi za zamani huuita mchilizi. Neno hilo lina shina moja na kitenzi chiriza, yaani kufanya maji yapite kidogokidogo kwa mfululizo. Jina la sehemu ya nyumba limetokana na tabia ya maji. Mjenzi alilitazama paa lake kama mahali pa kuyaelekeza maji, wala si kifuniko tu.

Nyumba ya mawe ilikuwa na tatizo gumu zaidi, kwa sababu paa lake lilikuwa bapa. Boriti zilipangwa kutoka ukuta hadi ukuta, na kwa kuwa mti wa mkoko unaofaa hauna urefu mkubwa, upana wa vyumba ulikaa kwenye mita 3 hivi au pungufu. Juu ya boriti yaliwekwa mawe bapa ya matumbawe, kisha tabaka nene la kokoto na chokaa. Tabaka hilo lilipigwa kwa siku kadhaa likiwa bado bichi, watu wengi wakipiga kwa pamoja, kwa nyimbo, hadi likashikana na kuwa gumu. Kifaa cha mti cha kupigia kiliitwa kipande, na kazi yote iliitwa kupiga sakafu.

Hapa tukae kidogo, maana neno sakafu lina hadithi nzima ndani yake. Katika Kiarabu, saqf ni paa au dari, kitu kilicho juu ya kichwa. Katika Kiswahili cha leo, sakafu ni kitu kilicho chini ya miguu. Mtu asiyeijua nyumba ya ghorofa atasema kwamba neno limegeuzwa. Anayeijua ataona kwamba halikugeuzwa hata kidogo: paa la chumba cha chini ndiyo sakafu ya chumba cha juu, na ufundi wa kulitengeneza ni ule ule mmoja. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939, kama zilivyokuwa kamusi za Wazungu waliomtangulia, ililieleza neno hili kwa kutaja mchanganyiko wa chokaa na mawe uliopigwa hadi ukawa mgumu, ukiwa chini au ukiwa juu. Maana ya neno ilikuwa kitu na namna ya kukifanya. Mahali pake palikuwa jambo la pili. Nyumba za juu zilipoanza kuezekwa mabati, na chokaa ikabaki chini tu, neno nalo likabaki chini. Badiliko la maana limehifadhi badiliko la teknolojia.

Kupigwa kwa siku nyingi hakukuwa mapambo. Kila pigo lilisukuma hewa nje na kuyaziba matundu, ili maji yateleze badala ya kupenya. Lakini mwashi hakuamini kwamba paa bapa linaweza kuzuia maji yaliyotuama. Alilipa mwinamo mdogo, na ukingoni akatoboa njia ya maji na kuweka mlizamu, bomba la mti au la jiwe lililochomoza mbali na ukuta. Katika kamusi za zamani tunakuta pia umbo marizabu, ambalo halina budi kulinganishwa na neno la Kiarabu mirzab. Urefu wa mlizamu ulikuwa na kazi yake: maji yaanguke mbali, yasiulambe ukuta.

Ustadi huo ulikwenda pamoja na vitenzi vya kuainisha kasoro. Maji yanaweza kutona, kudondoka, kuchuruzika, kutiririka, kuvuja, kupenya au kububujika. Hivi si visawe. Kinachotona kinatoka penye tundu moja lililo juu. Kinachochuruzika kinafuata ukuta au boriti, na chanzo chake kinaweza kuwa mbali na pale kinapoonekana. Kinachopenya hakina tundu. Kimepita katika mwili wa jiwe lenyewe. Methali isemayo "Chururu si ndo! ndo! ndo!" inasimama juu ya tofauti hiyo: mtiririko mwembamba usiokatika ni jambo jingine, na matone yanayohesabika ni jambo jingine. Leo wengi wetu tungesema tu kwamba "nyumba inavuja", na fundi angelazimika kuanza kuuliza maswali ambayo zamani kitenzi kimoja kingeyajibu.

4.0 Maji Yatokayo Chini

Maji ya mvua huonekana. Yaliyo hatari zaidi ni yale yanayopanda kimyakimya kutoka ardhini. Jiwe lenye vitundu hufanya kama utambi wa taa: mguu wake ukiwa majini, unyevu hupanda ndani yake. Maji hayo hubeba chumvi. Yanapofika usoni mwa ukuta na kukauka, chumvi hubaki, hukua na kuisukuma lipu mpaka ikabanduka vipandevipande. Kila aliyekaa katika mji wa zamani wa pwani anaifahamu alama yake: mstari wa unga mweupe, madoa ya koga na harufu ya uvundo katika vyumba vya chini.

Kwa hali hiyo Kiswahili kilikuwa na neno mahususi: rutuba. Mwanafunzi wa leo analijua neno hili kama sifa njema ya udongo wa shamba. Lakini ruṭūba katika Kiarabu ni majimaji, unyevu, na ndivyo kamusi za A. C. Madan ya 1903 na ya Johnson ya 1939 zilivyolieleza neno rutuba la Kiswahili. Nyumba yenye rutuba ilikuwa nyumba yenye ugonjwa. Maana ya shamba ilianzia hapo hapo, kwa kuwa udongo wenye unyevu ndio unaootesha, kisha ikakua mpaka ikaifunika maana ya kwanza. Kilichokuwa balaa kwa mwashi kilikuwa neema kwa mkulima, na mkulima ndiye aliyeshinda katika kamusi. Nafasi iliyoachwa imechukuliwa na unyevu na unyevunyevu, maneno yanayoonekana kuwa na uhusiano na kitenzi cha mvua kunya. Ni maneno mazuri, lakini ni ya jumla. Yanahusu hewa, nguo, udongo na ukuta bila kubagua.

Neno jingine la kutazamwa ni msingi. Leo msingi ni kile kinachobeba, na kwa njia ya sitiari tunazungumzia misingi ya sheria na ya elimu. Katika Kiswahili kilichoandikwa na Askofu Edward Steere katika karne ya 19, msingi ulikuwa kwanza mtaro uliochimbwa, kisha jengo lililowekwa ndani yake. Bado tunasema kuchimba msingi, usemi ambao haungekuwa na mantiki kama msingi ungekuwa ukuta tu. Mahali unapochimba mtaro ndipo maji hukusanyika. Kwa hiyo neno lilibeba onyo: penye msingi pana njia ya maji.

Dawa za waashi dhidi ya maji ya chini zinasomeka katika majengo. Ukuta mnene, unaokaribia nusu mita na mara nyingi kuzidi hapo, uliyapa maji nafasi ya kukauka kabla ya kufika ndani. Chumba kiliinuliwa juu ya usawa wa njia, na mlangoni pakawekwa kizingiti, neno ambalo hadi leo hutumika pia kwa kitu kinachozuia maji mtoni. Baraza ya mawe nje ya nyumba ilikuwa mahali pa mazungumzo, lakini ilikuwa pia kinga ya mguu wa ukuta dhidi ya maji ya mvua yanayopita njiani. Katika magofu ya Gedi, yaliyochimbuliwa na James Kirkman kuanzia 1948, nyuga za ndani ziko chini kuliko vyumba, ili mvua iangukie mahali pa chini kabisa na vyumba vibaki juu yake. Maji yalikaribishwa uani yasije yakaingia vyumbani.

Tena palikuwa na kazi ya kila mwaka, ambayo kwa sehemu kubwa haikuwa ya mafundi. Kabla ya Ramadhani au sikukuu, kuta zilikwanguliwa na kupakwa chokaa upya. Nyufa zilizibwa, na mashimo yalitomewa, yaani yalijazwa vijiwe na udongo au chokaa. Wanawake walifukiza udi katika chetezo, na moshi wake uliondoa uvundo wa masika katika nguo na vyumba. Methali "Usipoziba ufa utajenga ukuta" tumeizoea mno hata hatusikii tena kwamba ni kanuni ya kazi. Katika matumizi ya zamani ukuta ni wa mawe, tofauti na kiambaza cha fito na udongo. Methali inamwambia mwenye nyumba ya mawe kwamba ufa ni kinywa cha ukuta, na kwamba kupuuza tone ni kununua jengo jipya.

5.0 Maneno ya Nani? Nyumba ya Nani?

Kwa muda mrefu waandishi kadhaa walidai kwamba miji ya mawe ya pwani ni kazi ya wageni, na mara nyingi waliutumia msamiati kama ushahidi. Walisema: sakafu ni Kiarabu, ghorofa ni Kiarabu, rutuba ni Kiarabu, basi nyumba ni ya Waarabu. Hoja hii ina kasoro mbili.

Kwanza, inahesabu majina na kuacha vitenzi. Tukivihesabu vitenzi vya kazi na vya maji, picha inabadilika. Kuziba, kutomea, kukandika, kuvuja, kutona, kulowa, kupenya ni vitenzi vya asili ya Kibantu. Kamusi za zamani zinakitaja pia kitenzi -aka, kujenga kwa mawe, ambacho kilitofautishwa na kujenga kwa miti, na ambacho ndicho kilichotupa jina mwashi. Kitenzi chenyewe kimekufa katika Kiswahili sanifu, lakini mtoto wake yu hai. Lugha iliyokuwa na kitenzi chake yenyewe cha kujenga kwa mawe, kikatoa jina la fundi kwa kanuni zake za kawaida, haikuwa lugha ya watazamaji. Majina ya vitu husafiri na biashara, pamoja na mitindo na heshima. Vitenzi vya mikono hubaki na wenye mikono.

Pili, akiolojia imetoa jibu lake. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, uchimbuzi ulioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 ulionyesha misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine mahali pale pale kuanzia karne ya 8, ya mwanzo ikiwa ya miti na ya baadaye ikiwa ya mawe. Jiwe halikushuka kutoka jahazini likiwa tayari limepangwa. Lilikua kutoka katika jengo la miti. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliuona mji wa nyumba za miti, akaeleza pia kwamba mvua huko ni nyingi, ingawa msikiti mkuu wa mawe ulikuwapo. Wareno walioingia mwaka 1505 walieleza nyumba za mawe na chokaa. Taarifa hizi hazipingani. Mji mmoja ulikuwa na kiambaza na ukuta, makuti na sakafu, na fundi yule yule aliweza kuzijua elimu zote mbili.

Hata hivyo, tusikimbilie upande wa pili na kukana kila mkopo. Waashi wa pwani walikuwa watu wa bahari, na walijifunza kutoka Oman, Ghuba na Uhindi kama walivyowafundisha wengine. Neno linaloonyesha jambo hili vizuri kuliko yote ni saruji.

6.0 Saruji: Neno Moja, Vitu Viwili

Wengi wanadhani saruji ni jina lililobuniwa kwa ajili ya unga wa kijivu wa mifukoni. La hasha. Neno linatokana na saruj la Kiajemi, nalo ni la kale sana kuliko saruji ya kisasa ambayo Joseph Aspdin aliipatia hataza huko Uingereza mwaka 1824. Nchini Oman, saruj ni mchanganyiko wa udongo uliochomwa na kusagwa, ambao kwa karne nyingi umetumika kujengea ngome, mabirika na mifereji ya aflaj. Sifa yake kuu ni kwamba hustahimili maji. Wenye lugha yetu walipokutana na unga mpya wa viwandani, waliupa jina la kitu walichokijua kuwa kinga ya maji. Jina lilikuwa la kutumainia, na ndipo kosa lilipoanzia.

Ili tulielewe kosa hilo, tuangalie jinsi chokaa inavyofanya kazi. Matumbawe hupangwa juu ya magogo, yakachomwa katika tanuu. Joto kali, la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, hulifukuza gesi ya kaboni kutoka kwenye jiwe. Kinachobaki huzimwa kwa maji, na kwa desturi huachwa kwa miezi kadhaa kabla ya kutumiwa. Ikiisha kupakwa ukutani, chokaa huivuta tena gesi ile ile kutoka hewani na polepole hurudi kuwa jiwe. Lakini ni jiwe lenye pumzi. Maji yaliyoingia ukutani huweza kutoka kupitia lipu ya chokaa, na ikiharibika, lipu ndiyo inayobanduka, si ukuta. Lipu ni kafara ya kila mwaka.

Saruji ya kisasa ina tabia nyingine. Ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe na hairuhusu unyevu kupita kwa urahisi. Katika nyumba iliyojengwa kwa saruji tangu msingi, ikiwa na tabaka la kuzuia maji chini ya kuta, hilo si tatizo. Lakini ukiipaka juu ya ukuta wa zamani wa matumbawe na chokaa, unafunga mlango wa kutokea huku wa kuingilia uko wazi chini. Maji yanaendelea kupanda. Yakikosa njia ya kutoka, hupanda juu zaidi, hadi kwenye ncha za boriti zilizozikwa ukutani, na hapo huziozesha mahali pasipoonekana. Ukuta unapendeza kwa miaka michache, kisha lipu ya saruji inang'oka na kuondoka na uso wa jiwe. Mwenye nyumba huona rutuba, hulaumu maji, na hununua saruji zaidi.

Historia ya kuenea kwake inajulikana. Kiwanda cha Bamburi karibu na Mombasa kilianza uzalishaji mwaka 1954, na kile cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Vyote vilitumia mawe ya chokaa ya pwani hii hii. Bamburi yalikuwa matumbawe ya kale. Malighafi ni ile ile aliyoichoma mwashi wa Kilwa, lakini njia ni nyingine na kitu kilichozaliwa ni kingine. Saruji ilikuja na bei nafuu, kasi na heshima ya usasa. Chokaa ikashushwa cheo: kutoka kuwa mwili wa nyumba ikawa rangi ya kupaka. Tafuta chokaa katika mazungumzo ya vijana wa leo, utaikuta kwenye viwanja vya mpira na ubaoni darasani. Niru, ile chokaa laini iliyosuguliwa hadi ikang'aa, haijulikani tena nje ya kundi dogo la mafundi wa hifadhi.

Gharama ya kusahau si ya nadharia. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoorodheshwa mwaka 1981, yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo kubwa halianguki kwa sababu moja, nami si mhandisi wa kuzipanga sababu hizo. Lakini tukio lile lilitukumbusha kwamba nyumba hizi zina watu ndani yake na chini yake.

7.0 Wajibu wa Watunga Kamusi

Sasa nirejee katika uwanja wangu. Kiswahili sanifu kilijengwa tangu miaka ya 1930 na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kwa madhumuni ya shule, utawala na uchapishaji. Baada ya uhuru, BAKITA, iliyoundwa mwaka 1967, na wenzake walikabili kazi kubwa ya kuunda istilahi za sayansi. Kazi hiyo ilistahili kufanywa, na sisi tuliomo humu ni matunda yake. Lakini katika kutazama mbele tulikuwa na mazoea ya kudhani kwamba istilahi ni kitu cha kutafsiriwa kutoka lugha nyingine. Tulimtafutia mhandisi maneno bila kumwuliza mwashi ana yapi.

Napendekeza mambo matatu. La kwanza, kamusi za baadaye zirejeshe maana za ujenzi za maneno kama rutuba, sakafu, msingi na saruji, zikiwekewa alama ya kwamba ni za zamani au za mahali fulani. Kamusi inayoondoa maana ya kale inamfanya msomaji asiweze kusoma Kiswahili cha babu zake. La pili, kazi ya ukusanyaji ifanywe katika karakana na kwenye majukwaa ya ujenzi, huko Lamu, Pate, Mombasa, Pemba, Unguja, Bagamoyo na Kilwa, fundi akiwa na kipande mkononi. Neno la kazi halitoki vizuri mezani. Hutoka mkono unapoligusa jiwe. Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, na idara za makumbusho za Kenya na Tanzania zinafanya kazi na mafundi hawa, na wanafunzi wetu wa isimu wangepaswa kuwa hapo pamoja nao wakiwa na vinasa sauti. La tatu, istilahi za usanifu majengo zitokane kwanza na hazina hiyo. Mlizamu upo, hatuhitaji kuuita kwa jina jingine. Rutuba ya ukuta ipo. Tunaweza kuifufua kwa kuiambatanisha na ukuta, ili isichanganywe na ya shamba.

Atakayesema kwamba hayo ni mapenzi ya mambo ya kale, nitamwomba afikirie mwenye nyumba wa leo. Anapomwita fundi na kumwambia tu kwamba ukuta una maji, fundi asiye na maneno mengine atampa dawa moja kwa magonjwa yote. Anapoweza kusema kwamba maji hayadondoki bali yanapanda, hayakufuata ufa bali yamepenya, ameshafanya nusu ya uchunguzi. Msamiati sahihi ni chombo cha kazi kama timazi na mwiko.

8.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba maneno machache ya ujenzi yanaweza kusomwa kama tabaka za ardhi. Sakafu inatuonyesha paa lililokuwa na miguu juu yake. Rutuba inatuonyesha mwashi na mkulima wakigombea neno moja. Msingi unatuonyesha mtaro, na saruji inatuonyesha jina lililohama kutoka kitu kimoja hadi kingine na kutudanganya kwa kufanana kwa sifa. Kitenzi -aka, kilichokufa na kumwacha mwashi yatima, kinatukumbusha kwamba lugha nayo ina nyufa zake.

Nimeonyesha pia kwamba hekima ya nyumba hizi haikuwa ya kuyashinda maji. Ilikuwa ya kuyaongoza: juu yapewe mwinamo na mlizamu, chini yapewe uwanja na kizingiti, na ukutani yapewe chokaa ya kupumulia. Elimu hiyo haijapotea yote. Bado wapo wazee wanaoijua, na bado zipo kuta zinazoithibitisha. Kilicho hatarini ni kiungo kati yao na sisi, nacho ni lugha. Waashi waliziba nyufa zao kila mwaka kabla ya masika. Sisi wana isimu tunao ufa wetu mbele ya macho, na masika hayasubiri.